Mwenyekiti Gelle na Ngamia wa Chapa Yetu

Watu wa Nairobi hucheka nikiwaambia kwamba Harbole ilikuwa na meya. Wacheke tu. Mji wenyewe ulikuwa safu moja ya maduka ya mabati, msikiti, kambi ya askari na hoteli yangu ya chai, vyote vimejibanza kwenye kona ya Mto Tana, ukishuka kutoka Garissa kwenda Masalani. Lakini meya tulikuwa naye. Serikali ilimwita mwenyekiti wa kamati ya mji. Neno meya tulilisikia redioni, likatupendeza, tukambandika. Jina lake Gelle Olow. Baba yake na baba yangu walikuwa ndugu wa tumbo moja, na kwa hiyo tangu utotoni mimi na yeye tuliitana ina adeer, kama watoto wa ndugu, wa kike kama mimi na wa kiume kama yeye, wanavyoitana kwetu.

Naeleza habari zake kwa sababu wanaozieleza siku hizi wanazikosea. Wanamfanya shujaa. Gelle hakuwa shujaa hata kidogo. Alikuwa mtu mwoga, tumbo lake lilimsokota kila alipoona lori la askari, na tena alikuwa mkaidi kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Ukiuchanganya woga na ukaidi ndani ya mtu mmoja, unapata mtu wa kukusumbua sana moyo. Mimi alinisumbua.

Alizaliwa njiani, watu wetu wakihama na mifugo kutoka visima vya Wajir. Angekuwa mchungaji kama baba yake na babu yake, lakini alipokuwa kijana dume la ngamia lilimbana kwenye ua wa miiba na kumvunja mguu. Mguu ulipona vibaya. Mchungaji anayechechemea hana kazi katika nchi ya malisho ya mbali, basi akaja Harbole kuwa mchinjaji. Hapo ndipo watu walipoijua akili yake. Wanaume wakigombana mbele ya meza yake ya nyama, kisa cha mbuzi au cha mke, Gelle hakuwakataza. Aliendelea kukata nyama polepole, akimwuliza huyu swali dogo na yule swali dogo, mpaka wote wawili wanachoka na kuomba maini ya kupeleka nyumbani.

Uhuru ulipokuja, sisi wa upande huu hatukuupokea kama wenzetu. Wengi wetu tulitaka kwenda na Somalia, na sanduku la kura tulilisusa. Vijana wakaingia msituni na bunduki, serikali ikawaita shifta, na hali ya hatari ikatangazwa katika mkoa mzima. Tangu siku hiyo ukisafiri unaulizwa, ukilisha mgeni unaulizwa, ukiwa na ngamia wengi unaulizwa zaidi.

Kisha serikali ikasema Harbole lazima iwe na kamati na mwenyekiti, la sivyo maduka yafungwe. Wazee wakakaa kutwa nzima wakitazamana. Atakayekikalia kiti hicho, vijana wa msituni watamwita kibaraka. Tukikikataa, askari watatuita shifta sote. Aliyekitaka alikuwa mmoja tu, Adow, mkalimani wa kambi, aliyekuwa amesoma kidogo na kuvaa soksi. Lakini watu wa Adow walikuwa wachache. Mwishowe mzee mmoja akasema apewe Gelle, maana kwa mguu ule hata akitaka kutukimbia hatafika mbali. Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomfanya mwenyekiti. Adow hakucheka. Kwa muda mrefu baada ya hapo alimsalimu Gelle kwa kidevu tu.

Sisi tulifikiri atakalia kiti na kunyamaza, kama mtu anayeshikilia mlango usigongwe na upepo. Kumbe mwenzetu aliichukua kazi kwa moyo wake wote. Alinunua koti. Aliagiza kiti cha mikono kutoka Garissa, kikaja juu ya lori la unga kimelala chali. Alihamisha kichinjio nje ya mji, upande ambao harufu inakwenda mtoni badala ya kuja kwetu. Alipanda miarobaini mbele ya ofisi, akaizungushia miiba, akawa anaimwagilia kwa debe, na mtu akimwaga povu la sabuni karibu nayo alikuwa anahutubiwa. Sheria yake kubwa ilikuwa kwamba mifugo isipite barabara ya maduka. Mwanamke akipita na mbuzi wake mmoja, Gelle hutoka ofisini akichechemea, koti wazi, kumrudisha. Nilimwambia, "Ina adeer, nchi inaungua na wewe unafukuza mbuzi." Akanijibu kwamba nchi inayoungua ndiyo inayohitaji barabara safi. Nilimkasirikia kwa jibu hilo na mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Woga wake aliuleta kwangu. Kila asubuhi alikunywa chai bila sukari, akikamulia ndimu, akishika tumbo chini ya koti. Sikio lake lilikuwa barabarani. Lori likinguruma kutoka Garissa aliweka kikombe chini na kutazama mlango, na mimi nikimtazama yeye nilianza kutega sikio pia. Mke wake, Sahara, aliniambia kwamba hata akiswali masikio yake yako nje.

Sasa lazima nieleze chapa, maana bila hiyo hutaelewa kilichotupata. Ngamia wetu wote wana alama ya moto upande wa kushoto wa shingo, mstari mrefu na duara dogo chini yake. Alama hiyo si ya mtu. Ni ya Keynan, babu wa babu zetu, na kila aliyetoka kwake anaitia, tajiri na maskini. Ngamia akipotea hata akafika Liboi, watu wa huko wakiiona shingo wanajua ni wa watu gani, na wanatuma habari. Ila wa nani hasa, shingo haisemi. Hilo anajua anayemkamua tu. Mimi mwenyewe nilikuwa na ngamia wenye chapa hiyo, kwa kuwa nilirithi kutoka kwa baba yangu, na alikuwamo dume mmoja wa mizigo, mpole sana, aliyeitwa Hayin. Mama yake alikataa kumnyonyesha, nikamlea kwa mkono nyuma ya hoteli. Alikua akijua sauti yangu kuliko ya mchungaji, na akinisikia alikuja kunipapasa kichwa kwa mdomo akitafuta chapati.

Wakati wa mvua, watu wenye bunduki walimchukua Hayin kutoka kwa wachungaji wangu. Sikumwambia mtu ila Gelle. Ungemwambia nani? Kusema shifta wamekuchukulia ngamia ni kusema umekutana na shifta, na swali linalofuata ni kwa nini bado uko hai. Nilinyamaza nikamlilia mnyama wangu chini ya shuka.

Jilaal ya mwaka wa sitini na sita ilikuwa kali. Kiangazi hicho kilikausha mabwawa yote ya ndani, na mifugo ya watu wa Keynan haikuwa na maji mengine isipokuwa mto wetu. Askari waliruhusu kunywesha mahali pamoja tu, chini ya kambi, kwa siku walizopanga wao. Zamu yetu ilikuwa Jumamosi. Makundi yalikuwa tayari njiani, yamekaa na kiu siku nyingi, na hakuna mchungaji ambaye angeweza kuyarudisha nyuma yakawa hai.

Wiki hiyohiyo, siku ya Jumatano, lori la jeshi lilikanyaga bomu la ardhini kwenye barabara ya Garissa. Jioni yake askari waliofuata nyayo walirudi na ngamia mmoja mwenye mizigo. Ndani ya magunia kulikuwa na tende, na chini ya tende risasi. Wakamfunga mbele ya ofisi ya kamati, kwenye mwarobaini wa Gelle, ng'ambo ya mlango wangu. Nilikuwa nimeshika birika. Nilitazama shingo, nikaona mstari na duara. Kisha nikatazama uso wake. Alikuwa Hayin, amekonda, mgongo una kidonda.

Nilifungua mdomo, Mungu akanisaidia nikaufunga. Hayin alikuwa anatazama huku na huku. Kama ningesema neno moja angeniitika.

Kapteni wa kambi tulimwita Dheere kwa urefu wake. Alikuwa mtu wa bara, si mkorofi wa kuzaliwa, lakini alikuwa amezika askari wake siku hiyo na macho yalikuwa mekundu. Alimzunguka ngamia, akaweka kidole kwenye chapa, akamwuliza Adow, mkalimani wake, "Hii alama ni ya nani?"

Adow alijua. Hakuna mtoto wa Harbole asiyejua. Watu wake yeye wana chapa nyingine, kwenye shavu, na watu wa Keynan wakinyang'anywa mifugo, malisho na zamu ya maji vingekuwa vyao. Nilimwona akilamba midomo.

"Nitauliza watu, afande," alisema.

"Uliza vizuri," Kapteni akasema. "Ijumaa baada ya sala nataka mwenyewe. Kama ni mtu mmoja, nitamchukua mtu mmoja. Kama ni ukoo, ukoo wote utalipa kwa mifugo. Nikikosa mwenyewe, kila ngamia atakayefika mtoni Jumamosi ni wa serikali."

Kisha akafanya jambo lililotumaliza nguvu. Alitembea mpaka nyumbani kwa Gelle, nyuma ya maduka. Sahara alikuwa na ngamia jike mmoja wa maziwa pale uani, na maziwa hayo ndiyo niliyotilia chai, chai ambayo Kapteni mwenyewe alikuwa anakunywa kwangu kila siku. Akasimama ukutani akitazama shingo ya yule jike. Akarudi kambini.

Alhamisi nilijifunga kitambaa taya nzima, nikajifanya jino linaniuma. Nilihudumia wateja kwa ishara, nikimwogopa Hayin aliye ng'ambo kwa sababu ya sauti yangu mwenyewe. Kila kikombe kilichogongana kilinishtua. Kapteni alikuja kunywa chai, akanihurumia, akatoa vidonge viwili vya maumivu mfukoni akaniwekea mezani. Nilivimeza mbele yake, sina jino lolote bovu.

Mchana Gelle alikuja jikoni kwangu, Sahara nyuma yake ameshika kifurushi cha nguo. Nilifunga mlango nikanong'ona.

"Mimi nitasema ni wangu. Nitasema aliibwa wakati wa mvua. Ndiyo kweli yenyewe."

"Ukisema ni wako," Gelle akasema, "atakuuliza kwa nini chapa yako iko kwenye ngamia wangu. Watu wawili wenye chapa moja, ina adeer. Hapo hata mjinga ataelewa ni chapa ya ukoo. Na kesho kutwa wote wanafika mtoni."

"Basi kimbia," Sahara akamwambia. Alikuwa analia bila sauti. "Nimekufungia nguo. Vuka mto, wapo watu wa mashua watakuvusha."

"Mwenyekiti akikimbia, mji mzima ni shifta." Alikaa juu ya gunia la unga. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola ya koti. "Ameona chapa nyumbani kwangu. Kwake yeye chapa ni kama jina la mtu. Kwao pengine ndivyo ilivyo, kila mtu na alama yake. Mwacheni aamini hivyo."

Nilielewa anachotaka kufanya na hasira ikanipanda kichwani. Nilimwambia wanaochukuliwa na lori lile hawarudi. Nilimwambia huyo ni ngamia wangu, kwa hiyo shida ni yangu, na yeye daima anajitia katika mambo ya watu kwa kuwa amepewa kiti. Nilimwambia ni mwoga, hataweza kusimama mbele ya Kapteni bila kuzirai.

"Naogopa kweli," akasema. "Nisaidieni basi. Msinipigie kelele."

Halafu, kwa sauti ileile aliyotumia kukataza mbuzi barabarani, akatupa kazi. Wanawake waliruhusiwa kutoka kutafuta kuni. Basi wale wa kuni wapeleke habari kwa wachungaji: kila ngamia apakwe shingo ile dawa nyeusi ya upele, mpaka chapa isionekane, ndipo aletwe mtoni. Sahara alifungua kifurushi cha nguo, akatia ndani vibuyu vya dawa, akatoka.

Jambo moja tu hatukuweza kulipanga, nalo ni Adow. Neno moja kutoka kwake lingetosha. Nilisema twende tukamsihi, tumkumbushe jirani ni jirani. Gelle akakataa. Alisema ukimsihi mtu unamwonyesha thamani ya alichoshika.

Ijumaa imamu alisoma na hakuna aliyesikia. Baada ya sala watu wote walikusanyika mbele ya ofisi bila kuitwa. Kapteni alikuwa amekalia kile kiti cha mikono, kimetolewa nje chini ya mwarobaini. Hayin amefungwa pembeni. Mimi nilisimama mlangoni pangu na kitambaa changu tayani. Gelle alitoka katikati ya watu akichechemea, koti limefungwa vifungo vyote kwenye jua lile.

"Ngamia hii ni yangu, afande," alisema kwa Kiswahili chetu, ambacho p hugeuka b na v hugeuka f. "Na chaba hii ni yangu beke yangu. Hakuna mtu ingine."

Mzee mmoja karibu nami alianza kusoma Yasini kwa midomo tu.

"Na risasi?"

"Risasi mimi sijui. Ngamia ilibotea wakati ya mfua."

"Imepotea tangu mvua, na hukuripoti? Wewe, mwenyekiti?"

"Niliogoba, afande."

Nadhani hilo ndilo lililomfanya Kapteni amwamini, maana lilikuwa kweli tupu na lilionekana. Lakini Kapteni hakuwa mjinga. Aligeuka kwa Adow.

"Mkalimani. Alama hii ni ya mtu huyu peke yake?"

Adow alitazama kile kiti. Alitazama miarobaini, akatazama soksi zake. Mimi nilikuwa namchukia kabla hajasema lolote. Nilikumbuka salamu zake zote za kidevu.

"Ni yake beke yake, afande," Adow akasema. "Kila mtu hapa anajua hiyo ni chaba ya Gelle."

Nilifikiri yamekwisha. Kapteni akanyanyuka, akapunga mkono kwa askari.

"Mfungueni huyo mnyama. Ngamia anamjua bwana wake. Tutaona anakwenda kwa nani."

Kamba ikaanguka. Gelle akatoa sauti ile wachungaji wanayowaitia ngamia, akanyoosha mkono. Hayin alimtazama, akasogea hatua chache akamnusa koti, akasita. Kisha akageuza shingo yake ndefu kuelekea upande wangu. Upepo ulikuwa unatoka jikoni kwangu, na chapati zilikuwa juu ya moto. Akaanza kuvuka barabara. Alikuja moja kwa moja, taratibu, kama alivyokuja kila siku tangu alipokuwa mdogo, watu wakimpisha, Kapteni nyuma yake akifuata kwa macho. Aliinamisha kichwa akanipapasa kitambaa cha taya.

Nilimwona Gelle kule nyuma, juu ya bega la mnyama aliyesimama mbele yangu. Uso wake ulikuwa umekwisha rangi. Mikono yangu ilikuwa inataka kumkumbatia Hayin kichwa.

Nikafungua kitambaa, nikachukua mwiko, nikampiga Hayin puani.

"Mwenyekiti," nilipaza sauti, kwa Kiswahili, askari wote wasikie. "Mimi nimechoka na hii ngamia yako. Kabla ibotee ilikuwa inakula chabati yangu, leo imerudi inakula chabati yangu. Wewe ndiyo ulikataza mifugo kwa barabara, na ngamia yako ndiyo inafunja sheria. Ondoa yeye hapa, ama nitamwaga maji moto."

Hayin akalia, mlio wa mtoto. Nikampiga tena.

Askari mmoja akacheka, halafu wengine. Hata Kapteni akacheka kidogo, mabega yakashuka. "Kumbe ni mwizi wa chapati," akasema. Mwanamke wa hoteli hawezi kubuni ugomvi wa namna hiyo, ndivyo alivyofikiri. Na kwa kicheko hicho ushahidi ukakamilika, kutoka kinywani mwangu, kwa sauti yangu mwenyewe.

Walimpandisha Gelle kwenye lori alasiri hiyo. Mguu wake haukuweza kufika juu, askari wawili wakamwinua kwa makwapa. Alinitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Umesema vizuri, ina adeer," aliniambia kwa Kisomali. "Miti usiisahau."

Nilitaka kumtukana. Nililia tu, na kwa kuwa kila mtu alijua nina jino bovu, askari hawakushangaa. Hayin walimchukua kambini kubeba maji.

Jumamosi makundi yalifika. Hatukulala wala kula mpaka tulipoyaona, ngamia wa watu wa Keynan, shingo zote nyeusi tii kwa dawa, wakishuka mtoni na kunywa kana kwamba wanataka kuumaliza mto. Askari wa zamu alimwuliza Adow kama hawa wote wana upele. "Wote, afande," Adow akasema. "Mwaka huu ubele ni mbaya sana." Jioni walikuwa wamerudi porini, na watoto wetu wakawa na maziwa mpaka mvua ikaja.

Basi tukaanza kungoja. Mwaka mzima na zaidi tuliishi masikio barabarani, kama yeye. Habari zilikuja za kila aina: yuko pwani, yuko bara kwenye baridi, amekufa kifua, hajafa. Kila lori lilipoingia Sahara alisimama uani, na lilipotoka alikaa. Adow walimpa uenyekiti. Ndiye aliyekuwa anautaka, lakini kile kiti cha mikono hakukikalia hata siku moja. Alikaa kwenye benchi kando yake, na kila asubuhi nilimwona na debe anamwagilia miarobaini, amevua soksi. Nilianza kumpelekea chai bila yeye kuiitisha. Kumtazama usoni sikuweza kwa muda.

Vita vilipokwisha, mwishoni mwa mwaka wa sitini na saba, wafungwa wakaanza kuachiliwa. Tulipopata habari ya kweli kwamba Gelle yuko njiani, watu wa Keynan hawakuitana mkutano. Kila nyumba ilileta jike mmoja mchanga. Waliwaleta mmoja mmoja tangu alfajiri na kuwaacha mbele ya ofisi, barabarani kabisa, na dawa imekwisha futika zamani, kila shingo na mstari wake na duara lake. Mimi nilimleta dada yake Hayin. Hayin mwenyewe alikuwa amekufa kambini. Katikati yao alikuwamo mmoja mwenye chapa shavuni, na hatukuhitaji kuuliza ni wa nani.

Gelle alishuka kwenye lori kwa kushikwa. Alikuwa mwembamba, meno ya mbele hayapo, na injini ilipopiga kelele nyuma yake alijikunja akaziba masikio. Hakusalimu mtu. Alitazama ngamia waliojaa barabara yake ya maduka, wakila majani ya miarobaini yake.

"Ni wa nani hawa?" akauliza.

Watu wote wakanigeukia mimi. Nilisema kwa Kiswahili, kama siku ile, kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kumwomba msamaha na kumshukuru kwa pamoja.

"Mwenyekiti, ni ngamia yako. Imekuja kula kwa hoteli yangu tena."

Alimkaribia yule wangu. Alipitisha kidole juu ya mstari, polepole, mpaka kwenye duara. Askari wa kambi mpya walikuwa wamesimama pale wanasikiliza.

"Chaba hii si yangu," Gelle akasema kwa sauti ya juu, kwa Kiswahili chake kilekile. "Chaba hii ni ya watu wengi. Ya watu wengi sana."

Hakuna aliyemkamata. Aliweka paji la uso kwenye shingo ya ngamia akalia mbele yetu sote, na Sahara akaja akamfunga koti vifungo. Alipomaliza kulia alituambia tuwatoe wale wanyama barabarani kabla hawajamaliza miti.